Barua ya Wazi kwa Wakuu wa Malindi: Niliomba Wiki Nane Tu

Kwa Waheshimiwa,
Mnaosimamia shule za umma, misitu na wanyamapori katika eneo letu,
Malindi.

KUH: BUNDI WALIOUAWA SHULENI, SUMU YA PANYA, NA MBUYU ULIOPIGWA RANGI

Assalaam aleikum. Kwa wasio Waislamu kati yenu, pokeeni salamu zangu za heshima.

Mimi ni mwalimu mstaafu. Nimefundisha shule za msingi miaka 36, mingi yake hapa hapa baina ya Malindi mjini na Gede. Wajukuu wangu wawili wanasoma katika shule nitakayoieleza, na kila Jumatano huenda kuwasomea hadithi watoto wa madarasa ya chini. Jina la shule silitaji, wala la mtu yeyote. Sitaki mtu afukuzwe kazi. Ninachotaka ni kujibiwa.

Nimekuandikieni barua tatu mwaka huu: Februari, Machi na Mei. Mbili nilizileta kwa mkono wangu na nakala zake zina mhuri wa kupokelewa. Nilipofuatilia, kijana wa mapokezi alinijibu kwa adabu, "Mwalimu, ile barua ya bundi iko kwenye faili." Nikarudi mara ya pili, ikawa bado iko kwenye faili. Ndiyo sababu leo nasema mbele za watu.

Kwanza niwape kisa chenyewe, kwa maana naona kimewafikia nusu nusu.

Mwezi wa Januari wanafunzi wanaobaki jioni kudurusu walianza kusikia sauti darini, katika darasa lililopakana na stoo ya chakula. Mkoromo kama wa mtu aliyelala, mrefu, wa kukwaruza, unakatika kisha unaanza tena. Siku ya pili watoto walikuwa wakisema ni jini. Siku ya tatu kuna aliyemwona bundi akiingia chini ya bati jua lilipozama, na jini likawa bundi.

Nilipanda ngazi mwenyewe, na miaka yangu 63, tochi nimeibana mdomoni. Juu ya boriti ya pembeni walikuwa makinda watano wamejipanga kama vidato vya ngazi. Mkubwa wao uso ulishapata lile umbo la moyo na manyoya ya rangi ya mchanga yalianza kumtoka ubavuni. Mdogo wa mwisho alikuwa kifundo cha pamba chenye mdomo. Bundi wa majumbani akitaga yai la kwanza huanza kulilalia papo hapo, na siku mbili tatu baadaye hutaga jingine, na jingine, hivyo watoto wake hupishana umri. Waliponiona wote watano walikoroma kwa pamoja. Jini la shule nzima lilikuwa hilo: watoto wenye njaa wanamngoja mama.

Chini ya boriti niliokota madonge meusi, makavu, kila moja ukubwa wa kidole gumba. Bundi humeza panya mzima, nyama ikayeyuka tumboni, kisha mifupa na manyoya huvitema vikiwa vimeviringana. Jumatano iliyofuata niliyaloweka kwenye bakuli la maji, tukayafungua na watoto wa gredi ya nne kwa sindano za kushonea. Katika donge la kwanza tulitoa mafuvu matatu ya panya, meno ya mbele bado yana rangi ya chungwa. Msichana mmoja aliyapanga juu ya karatasi kwa ukubwa, akaniuliza, "Mwalimu, hawa wote ni wa stoo yetu?" Sijawahi kuwa na somo la sayansi lililowatuliza watoto vile.

Wiki hiyo hiyo msichana wa gredi ya nane alianguka kwenye paredi ya asubuhi, akatetemeka, akapiga makelele. Wengine wawili wakaanguka kwa hofu baada yake. Ikaitwa kamati. Nilikwenda, nikaeleza niliyoyaona darini, nikaomba jambo moja tu: wiki nane. Kinda wa bundi huyu huwa tayari kuruka akiwa na kama miezi miwili. Nikasema wakiruka mzibe matundu yote, nami nitachangia misumari na mbao. Mwenyekiti alinishukuru. Jumamosi ile ile vijana walilipwa, wakapanda na makuti yanayofuka moshi.

Makinda wanne walikufa darini, wakatupwa kwenye shimo la taka. Wa tano alianguka hai. Askari wa shule aliniletea ndani ya katoni ya sabuni. Nilimkatia ini la kuku vipande vidogo vidogo, akala mara mbili usiku ule, akalala ameegemea kanga yangu. Alfajiri ya siku ya tatu nilipofungua katoni alikuwa ameshakuwa baridi.

Sasa malalamiko yangu.

1. Uamuzi ulipita bila kuulizwa mtu anayejua. Kuna sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na bundi ni mnyamapori kama alivyo ndovu. Biashara ya bundi wa kila aina kuvuka mipaka imewekewa masharti na mkataba wa kimataifa wa CITES ambao Kenya ni mwanachama. Ibara ya 69 ya Katiba imeipa serikali jukumu la kulinda viumbe na mazingira, na ikampa kila mtu wajibu wa kushirikiana na vyombo vya serikali katika kazi hiyo. Mimi nilikuja kushirikiana. Nilikuja mapema, makinda wakiwa hai, na barua yangu ya Februari ilikuwa mezani kwenu siku kumi na moja kabla ya Jumamosi ile. Simu moja kwa mwenyekiti wa kamati ingetosha.

2. Sumu. Hili nitakwenda nalo polepole kwa sababu linahusu watoto wa watu.

Bundi mmoja mzima hula panya watatu wanne kwa usiku, na akiwa na watoto huwinda zaidi ya hapo. Bundi wa darini waliondolewa Februari. Kufikia Aprili, magunia ya mahindi na maharagwe ya chakula cha mchana yalikuwa yametobolewa chini, na mpishi alikuwa anapepeta mavi ya panya kila asubuhi. Kamati ikanunua sumu. Niliiona kwa macho yangu: punje za buluu kwenye visahani vitatu vya plastiki, wazi, sakafuni, hatua nne kutoka zilipo sufuria. Watoto wa chekechea hupita mlango ule kwenda msalani.

Sumu nyingi za panya za siku hizi huzuia damu isigande. Panya akiila hafi papo hapo. Huzunguka siku kadhaa, amelegea, hana mbio, huku sumu imo mwilini mwake. Panya wa namna hiyo ndiye mwepesi kukamatwa, na anayemla huipokea sumu ile. Paka wa mpishi alikufa wiki ya pili. Wiki ya tatu, chini ya mkorosho ulio nyuma ya stoo, nilimkuta bundi mkubwa amelala kifudifudi, mabawa ameyatandaza, ncha ya mdomo ina damu iliyokauka. Sikumpeleka maabara, kwa hiyo nasema nilichokiona. Alikuwa mwepesi ajabu. Ukingo wa unyoya wake wa kwanza wa bawa una meno laini kama ya kitana, na ndiyo yanayomfanya aruke bila mvumo. Nimeuhifadhi unyoya huo ndani ya daftari, na mkitaka kuuona nitauleta.

Stoo ile inahitaji wavu wa waya kwenye matundu, mapipa ya bati yenye vifuniko, na mitego. Mapipa manne. Nimeuliza bei sokoni, na haifiki gharama ya sumu ya mihula miwili pamoja na magunia yaliyoharibika.

3. Hofu yetu ya bundi, ambayo nyinyi wakuu mmeifanya kuwa ya serikali.

Sipendi kuwacheka wazee wangu, wala sitaanza leo. Nimelelewa na bibi aliyekuwa akisikia bundi hutupa chembe za chumvi kwenye makaa na kusema, "Pita na lako." Kabla ya magharibi nguo za mtoto mchanga zilianuliwa zote, asipite babewatoto, yaani bundi, akazikalia. Kuna na ndege wa usiku wazee waliyemwita kipasuasanda, kwa sauti yake ya bafta inayochanwa, na akipita juu ya nyumba watu hutazamana. Katika Kiswahili chetu ndege ni bahati pia: msafiri huombewa ndege njema, na jambo likimharibikia husemwa ametoka na ndege mbaya. Ugonjwa wa mtoto kukukamaa kwa homa tunauita degedege, na jirani zetu Wagiriama wanauita nyuni, yaani ndege. Kwa hiyo najua hofu hii ilipolala. Imelala nyumbani kwangu.

Mwaka 1971 nilikuwa na miaka tisa. Mdogo wangu, miezi kumi na minne, alishikwa na joto kali siku mbili. Usiku wa pili akaanza kukukamaa, macho yamepinduka. Bundi alikuwa akilia mwembeni. Wajomba walitoka na vijinga vya moto kumfukuza. Akaitwa mganga, akafukiza, tukavunja yai, tukamfunika mtoto kwa kaniki nyeusi. Hospitali ilikuwa mwendo wa saa moja kwa baiskeli, na baiskeli ilikuwapo, imeegemea ukuta. Naiona mpaka leo. Alifariki kabla ya adhana ya alfajiri, na nyumba nzima ikasema bundi alishatuambia.

Nilikuja kuelewa nikiwa chuo cha ualimu, siku tuliyofundishwa dalili za malaria iliyopanda kichwani. Nilitoka darasani nikakaa chini ya mti. Yule bundi alikuwa akilia mwembeni kila usiku wa mwaka. Usiku ule ndio sisi tuliokesha. Nyumba ya mgonjwa huwasha taa hadi asubuhi, wadudu wakaifuata taa, na ndege wa usiku hufuata chakula chake. Watu wamelala usingizi usiku mia tatu hawamsikii, usiku mmoja wamekaa macho kwa uchungu wakamsikia, na maisha yao yote wataukumbuka huo mmoja.

Nawauliza, wakuu: msichana aliyeanguka paredi alipimwa nini? Mama yake ameniruhusu niseme. Alipelekwa zahanati jioni, na vipimo vilionyesha malaria. Mfereji wa paa la darasa lao umevunjika tangu mwaka jana, maji yanasimama, viluwiluwi vya mbu vinaonekana kwa macho. Kamati ilikaa saa tatu kumjadili bundi. Mfereji haukutajwa, na hadi naandika barua hii bado umevunjika.

Katika kikao kile mzee mmoja alisema dini inatutaka tujiepushe na nuksi. Namheshimu, na nilimjibu kwa heshima. Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, alisema hakuna tiyara wala hama. Tiyara ni huko kupiga falaki kwa ndege. Na hama, wanavyuoni wengi wamefasiri kuwa ni bundi: Waarabu wa zama za ujahili walidai hutoka katika kichwa cha mtu aliyeuawa, akawa analia apewe maji mpaka kisasi kilipwe. Basi imani hii tuliyoidhani ni yetu ya pwani ilikuwapo Uarabuni, na imekataliwa kwa jina. Mzee alinyamaza. Mwenyekiti akasema tuendelee na ajenda.

Mwananchi akiogopa ni haki yake, na ni wajibu wa mwalimu kumweleza. Lakini kamati ya shule ya umma ikiandika kwenye kumbukumbu zake, kama ilivyoandika, kwamba "ndege wa mkosi ameondolewa," watoto mia kadhaa wamefundishwa siku hiyo kwamba aliyekuwa akiwaangusha wenzao ni bundi. Akikukamaa mtoto mwingine kesho kijijini, mtu atachukua kijinga cha moto au ataichukua pikipiki kwenda hospitali? Kwangu hilo ndilo kubwa kuliko yote katika barua hii.

4. Mbuyu. Nyuma ya uwanja wa shule kuna mbuyu ambao baba yangu aliukuta mkubwa. Upande wa mashariki, juu ya pale watu wawili wakipandiana mabegani hawafiki, una pango. Bundi aliyebaki, nadhani ndiye dume, amehamia humo tangu Juni. Jioni nakaa kwenye baraza ya jirani namwona akitoka: hutanguliza uso mweupe, hugeuza kichwa huku na huku akisikiliza, kisha huachia mwili wote bila sauti. Masikio ya bundi huyu hayalingani, moja liko juu kidogo ya jingine, na kwa tofauti hiyo hujua panya yuko wapi hata gizani totoro.

Wiki iliyopita shina la mbuyu lilipigwa alama ya rangi nyekundu. Nimeambiwa utakatwa "kwa usalama wa wanafunzi". Usalama gani? Hauna tawi kavu. Mti wa mbuyu haufai mbao wala makaa, kila fundi wa Malindi anajua hilo, kwa hiyo hakuna faida ya kuukata isipokuwa kumtoa aliyemo. Mwaka 2022 mibuyu ya kaunti yetu ya Kilifi iling'olewa isafirishwe Georgia, nchi nzima ikapaza sauti na serikali ikaamuru uchunguzi. Huu wetu hautakwenda ng'ambo. Utaanguka kimya nyuma ya uwanja wa mpira.

5. Msitu. Msishangae nikitoka shuleni nikaingia Arabuko-Sokoke, ni jambo lile lile. Pale kilomita chache kutoka madarasa yetu, kwenye msitu wa kilomita za mraba kama 420, mkubwa kuliko misitu yote ya pwani iliyobaki Afrika Mashariki, anaishi bundi mdogo wa Sokoke. Wataalamu walimwandika kwa jina la Otus ireneae mwaka 1966. Urefu wake ni sentimita 17 hivi, nusu ya rula ya mwanafunzi na kidogo zaidi. Hukaa kwenye vichaka vya mfunda juu ya udongo mwekundu, na hula wadudu. Nje ya hapo anajulikana kuwapo katika pori la Dakatcha, huku kaskazini-magharibi yetu, na chini ya milima ya Usambara Mashariki, Tanzania. Yumo katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Nilimwona mara moja, alasiri, nikiongozwa na kijana niliyemfundisha darasa la tatu. Walikuwa wawili wamebanana kwenye kitawi, usawa wa kifua changu, mmoja wa kijivu, mwenziwe rangi ya kutu. Ningewapita nikidhani ni jani kavu. Yule wa kutu alifungua jicho moja la manjano, akanitazama, akalifumba.

Miti yao mikubwa yenye matundu inakatwa, mihuhu kwa wachonga vinyago, mingine kwa makaa, na magari yanayoibeba hupita njia kuu usiku. Na kuna waongozaji wachache, si wote, wanaopiga sauti ya bundi huyu kwa simu tena na tena mpaka ajitokeze, kisha wanammulika tochi wageni wapate picha. Ndege anayejibu simu usiku kucha hawindi. Waongozaji wazuri wenyewe wameniomba niliseme hili, maana wao wakisema wanaitwa wenye wivu.

Najua mtakayonijibu, kwa kuwa nimeshaambiwa mengi yake kwa mdomo.

Mtasema fedha hamna. Wiki nane za kungoja hazikuhitaji hata shilingi. Mtasema wananchi wenyewe hawamtaki bundi. Wananchi wenyewe hawakutaka chanjo pia, nami nilitumwa na serikali nyumba kwa nyumba kuwaeleza, wakaelewa. Mtasema kinyesi na harufu darini ni uchafu. Ni kweli, na nimekubali tangu mwanzo kwamba dari ya darasa si mahali pake. Kinachotakiwa ni kumpa pake: sanduku la mbao lenye tundu la upana wa kiganja, linatundikwa juu ya mti au ukuta wa nje. Huko Malaysia wenye mashamba ya michikichi wanaweka masanduku hayo kupunguza panya. Johannesburg, kwenye mitaa ya Alexandra na Soweto, wanafunzi wa shule ndio waliowalea bundi wachanga kwenye masanduku shuleni mwao, kwa sababu panya walikuwa wamewazidi, na wazazi waliokuwa wakiwaogopa bundi wakaja kuwatazama. Watoto wetu wamepungukiwa nini?

Mtasema pia kwamba kuna mambo makubwa kuliko ndege. Nimekuonyesheni malaria, chakula cha watoto na sumu iliyo wazi hatua nne kutoka sufuria. Mimi siyaoni ni madogo.

Basi haya ndiyo ninayoyaomba.

Kwanza, waraka wa maandishi kwa shule zote za umma za eneo letu: kiota chenye makinda kisiguswe mpaka waruke, na kamati kabla ya kuamua impigie simu mtu wa wanyamapori, ambaye namba yake ibandikwe ubaoni. Pili, sumu iondolewe kwenye stoo za chakula za shule kabla ya muhula ujao kufunguliwa, zikaguliwe moja moja, na mfereji wa darasa la gredi ya nane utengenezwe wiki hii. Tatu, lile neno "ndege wa mkosi" lifutwe kwenye kumbukumbu za kikao, na wanafunzi waelezwe kwenye paredi, na mtu wa afya, kilichomwangusha mwenzao. Nipo tayari kusimama naye. Nne, waongozaji wa msituni wawekewe kanuni ya sauti za simu na tochi, na wapewe nafasi wao wenyewe kuiandika. Tano, nijibiwe kwa maandishi katika siku 30. Ibara ya 35 ya Katiba inanipa haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na nitaitumia.

Masanduku mawili ya bundi nimeshayatengenezesha kwa fundi wa mtaani kwetu, kwa pesa zangu za pensheni. Yako kwenye baraza yangu, yamepigwa dawa ya mchwa, yanangoja ruhusa. Watoto wa gredi ya nne wanajua kimo cha kuyatundika. Wameuliza mara nyingi lini, nami nimekuwa nikiwajibu karibuni.

Kuhusu mbuyu siwezi kungoja siku 30. Aliyepiga rangi alimwambia askari wa shule kwamba msumeno utakuja wiki hii au ijayo. Naomba mmoja wenu, yeyote, afike kabla yake. Aje jioni baada ya magharibi, asimame nami barazani kwa jirani dakika ishirini. Nitaweka kiti na kahawa.

Wenu mwaminifu,

Mwalimu mstaafu, bibi ya wanafunzi wawili,
Malindi.

Nakala: wazazi wote wa shule, na waongozaji wa msitu wa Arabuko-Sokoke.